Mata Yaliyolala Uchagani Kikoneni

Wewe kijana unayetaka kuunda uta wako mwenyewe wa mti, kwanza liweke chini hilo panga. Najua umekwisha kulishika, na najua kuna mti nyuma ya nyumba yenu ulioukodolea macho tangu asubuhi. Nimewaona wengi kama wewe. Huja kwangu na fimbo mbichi ya mpera na kamba ya nailoni. Wakiipinda mara ya kwanza inakubali, mara ya pili inakubali, mara ya tatu inalia kwa! na wao wamebaki na vipande mkononi, kisha wananiuliza kama mti ule una mkosi. Mti hauna mkosi. Jana ulikuwa bado unakunywa maji, na leo unataka ufanye kazi ya chuma.

Nawaambia haya kwa sababu nimestaafu na nina nafasi ya kuzungumza, na pia kwa sababu nayajua. Sitajifanya mnyenyekevu. Mimi Salimu nilitoka Mkongani na kaptura moja. Nikabeba mbao Nairobi mpaka bega likaota sugu, nikasoma jioni wenzangu wakicheza karata, nikapata stashahada ya useremala ambayo mpaka leo imetundikwa sebuleni, ndani ya fremu ya mvule niliyoiunda mwenyewe. Niliporudi Kwale mwishoni mwa miaka ya tisini, nilirudi na pikipiki yangu, sanduku la vyombo vya kazi, na jina. Ukikaa kwenye kiti cha hoteli Diani kikakuchukua vizuri mgongo, huenda ni changu. Lakini vitanda na viti si kazi ninayoulizwa siku hizi. Naulizwa mata, yaani nyuta za kupigia mishale. Na mata nilifunzwa Kikoneni, katika ua wa watu wawili ambao mpaka leo sijaona mafundi kama wao.

Ilianza hivi. Miaka ile wageni walikuwa wamepungua Diani, na kila hoteli ilikuwa inahangaika kutafuta cha kuwachangamsha wale waliobaki. Akaja karakanani kwangu Ukunda kijana wa Kikamba anayeitwa Mutuku, mkuu wa michezo ya wageni kwenye hoteli moja ya ufukweni. Alikuwa na filimbi shingoni hata siku yake ya mapumziko.

"Fundi, sasa?"

"Salama, bwana Mutuku. Kwema?"

"Kwema. Meneja anataka mata. Si yale ya plastiki, hapana. Anataka orijino ya hapa hapa, mgeni akirusha ajue amefika."

"Kwani nyinyi Wakamba si ndio wenye mata? Huundi wewe?"

"Babu yangu ndiye alikuwa anaunda. Mimi nimezaliwa na mpira mguuni. Unaweza ama huwezi?"

"Kitu kikitoka kwenye mti, mimi nakiweza."

Alipoondoka nilifanya kile ambacho fundi mwenye akili hufanya: sikubahatisha. Niliuliza. Nikauliza Msambweni, nikauliza kwa wauza mkaa na kwa wakata makuti, na kila niliyemuuliza alinitajia mtu mmoja: Mzee Tsuma wa Kikoneni. Kisha kila mmoja akaongeza kwamba najisumbua bure, kwa sababu mata ya Mzee Tsuma hayatoki nyumbani kwake tena.

Nilimkuta uani, amekaa kwenye kigoda, anakwangua mpini wa jembe kwa kipande cha chupa. Alikuwa mwembamba, mrefu, na sauti yake ilitangulia mwili.

"Hodi hapa! Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kwa pikipiki, basi una shida ya haraka. Mbeyu! Mletee huyu maji, amekula vumbi la Msambweni lote."

Mkewe, Bi Mbeyu, akaleta maji kwenye kata. Alikuwa mfupi, mnene wa mikono, na paja lake moja lilikuwa limewekewa kipande cha gunia, kwa sababu hapo ndipo aliposokotea nyuzi za mkonge. Nilipomaliza kunywa nikainua macho kurudisha kata, na kupitia mlango wa jikoni nikayaona.

Nyumba zetu za bara ya Kwale mnazijua: juu ya meko kuna uchaga, ile dari ya miti ya kuwekea mahindi yapate moshi yasibunguliwe. Juu ya uchaga ule, kando ya mahindi, yalilala mata. Yalikuwa meusi kwa moshi, membamba, na kila mmoja ulianza mnene katikati ukaendelea kupungua kuelekea nchani bila kuonyesha mahali ulipoanza kupungua. Mimi nimesomea kazi hii. Nimeshika randa za kila aina. Nilisimama pale nikajua ninaangalia mkono ambao mashine haiwezi kuufikia.

"Mzee, haya mata nayataka," nikasema.

"Hayo si mata. Ni miti."

"Miti gani? Mimi nayaona."

"Unaona miti iliyochongwa. Hayajavutwa hayo."

Ndipo akanieleza, na hili ndilo jambo la kwanza nililojifunza Kikoneni. Katika kazi yake, kama alivyorithishwa na mjomba wake, uta hautoki uani mpaka mkono ulioufanya uuvute mpaka sikioni na kupiga nao mshale wa kwanza, mbele ya watu. Si mkono wa mtoto wake, wala wa jirani mwenye nguvu, wala wa mnunuzi. Fundi anayeogopa kuuvuta uta wake mpaka mwisho, alisema, kuna kitu anakijua ambacho hakukuambia. Kama utavunjika, na uvunjikie usoni pake. Nilikaa darasani Nairobi jioni nyingi, na hakuna mwalimu aliyenipa maneno mazuri kuliko hayo kuhusu dhamana ya kazi.

Sasa tatizo. Mzee Tsuma alikuwa ameanguka kutoka juu ya mnazi, na bega lake la kulia halikurudi sawa. Mkono uliweza kukwangua, kula, kupiga mtu kofi akikaribia. Kuvuta haukuweza. Mata aliyokuwa ameyachonga kabla ya kuanguka yalibaki uchagani bila mshale wa kwanza, na tangu hapo hakukata mti mwingine. Akawa fundi wa mipini.

"Na utayafanya nini?" nikamuuliza.

"Mvua zikianza, Mbeyu atapikia. Mti usiovutwa ni kuni."

Bi Mbeyu aliyasikia hayo. Aliendelea kusokota, lakini nilimwona alivyoukaza uzi.

Nikamwambia mzee anifundishe, niunde wangu, niuvute mwenyewe.

"Wewe nani?"

"Mimi ni seremala. Nina diploma ya mbao."

"Mbao zipi?"

"Zote."

Akanyoosha mkono wa kushoto ukutani, akanirushia fimbo iliyokuwa imesimama pale. Niliichukua, nikaizungusha, nikaangalia vichwa vyake viwili, nikainusa. "Huu ni mkone," nikasema. "Ulikatwa wakati wa mvua, ukakaushwa juani. Kuna ufa umeingia hapa, umefuata nyuzi mpaka hapa. Nisingeutengenezea hata fimbo ya kuchungia mbuzi."

Aliichukua fimbo, akaukagua ufa. Kisha akacheka kicheko cha nguvu. "Mbeyu! Njoo umwone mtu anayeusoma mti! Huu aliniletea yule mpwa wako, akaniapia ni mzuri. Haya, Diploma, kaa chini."

Jina likanishika siku hiyo hiyo, na silikatai. Nililitolea jasho.

Sasa sikilizeni kazi yenyewe.

Mti wetu ni mkone. Uko vichakani, hauna urembo, na watu huukata kuni bila kujua wanachokichoma. Kata wakati wa kiangazi, mti ukiwa umelala. Tafuta ulionyooka, unene wa kifundo cha mkono wako, urefu wa kukufikia kidevuni, usio na macho wala vifundo. Ukiukosa, rudi nyumbani. Mzee Tsuma aliweza kuzunguka kichaka kizima akarudi mikono mitupu, na alikuwa anarudi anapiga mluzi. "Kutokata ni kazi pia," aliniambia.

Ukishaukata usiuweke juani. Mzee alikuwa akizitundika fimbo zake mbichi moja kwa moja juu ya uchaga, na baadhi zilipasuka vichwani. Hapo nikamwonyesha la kwangu: niliyeyusha nta ya nyuki nikapaka vichwa vyote viwili vya kila fimbo tuliyoikata, ili maji yatoke polepole kwa ubavuni badala ya kukimbilia mwishoni, nikazifunga kwenye boriti iliyonyooka zisipinde, nikazitundika kivulini. Alizigusa, akanusa nta.

"Kwa nini hukuja zamani?"

"Nilikuwa nasoma, mzee."

"Ungesoma haraka haraka."

Fimbo hizo zilikuwa za siku za mbele, zilihitaji muda mrefu kukauka. Mkone mkavu uliobaki pale nyumbani ulikuwa mmoja tu, aliokuwa ameuhifadhi nyuma ya mlango, na huo ndio alionipa nianzie. Nilielewa ukubwa wa jambo hilo. Nyinyi mnaopewa kitu na mzee mkadhani ni mzigo anapunguza, fikirini tena.

Uta una mgongo na tumbo. Mgongo ni upande unaotazama mbele, kule mshale unakoenda. Tumbo linakutazama wewe. Menya gome kwa taratibu, na mgongo usiuguse tena maisha yako yote. Zile nyuzi za nje ndizo zinazobeba mvuto, na ukizikata mahali pamoja tu, uta utafunguka hapo kama mdomo. Kila kitu unachotaka kupunguza kipunguze tumboni. Acha katikati nene, upana wa kiganja, hapo ndipo pa kushika. Kutoka hapo teremka kwenda nchani, pole pole, kwa kisu kwanza, kisha kwa kipande cha chupa. Msinicheke kwa chupa. Nina tupa za Ujerumani, na nikifika tumboni mwa uta naziacha sandukuni. Chupa inakwangua unga, haing'oi nyuzi.

Kila ukikwangua kidogo, simamisha ncha ardhini, sukuma katikati, utazame unavyopinda. Upande mmoja ukipinda kuliko mwingine, kwangua ule mgumu. Vijana wengi huukwangua ule laini, sijui kwa nini, labda kwa sababu unakubali. Kisha pinda tena mara nyingi, uta uzoee, ndipo ukwangue tena. Mzee Tsuma alikuwa anaukwangua kidogo, anaupinda, anauweka chini, anazungumzia mambo ya ng'ombe wa jirani, anaurudia. Mimi nilikuwa natoka jasho kwa haraka.

"Diploma, unaukimbiza wapi?"

"Hoteli wanasubiri, mzee."

"Uambie huo mti kwamba hoteli wanasubiri, tuone kama utasikia."

Hapo nikatoa la pili la kwangu, na ninajivunia mpaka leo. Niligongomea ubao kwenye ukuta wa jikoni, nikachora mistari kwa chaki, nikaweka kigingi cha kuushikilia uta katikati, na chini nikafunga kapi, kile kigurudumu cha kupitishia kamba. Ukivuta kamba ukiwa mbali, uta unapinda ukutani mbele ya macho yako, na mistari inakuonyesha mkono gani wa uta umebaki nyuma. Mzee alikaa kwenye kigoda chake, mimi nikavuta, yeye akatazama. "Hapo! Juu kidogo ya hapo. Kwangua pumzi moja." Pumzi moja ndicho kipimo chake: ukwangue kwa muda wa pumzi moja, basi. Nimewafundisha watu wengi kipimo hicho, na wanaokidharau wote wana vipande vya mti nyumbani.

Alilipenda kapi lile kama mtoto. Akavuta mwenyewe kwa mkono wa kushoto, uta ukapinda mpaka mwisho, akacheka. Nikadhani nimepata dawa.

"Basi mzee, tuyavute ya uchagani kwa kapi, kwa mkono wako huo huo."

Akaiachia kamba. "Kapi si mkono. Na mshale wa kwanza nao utaupiga kwa kapi? Nitamfunga mbuzi kwenye kamba?"

Nikaiokota kamba. Bi Mbeyu ndiye aliyesema, bila kuinua macho kwenye mkonge wake: "Mwache. Anayatazama kila akila. Ugali unapoa, yeye anatazama uchaga."

Yeye ndiye aliyenifundisha upote, yaani kamba ya uta, na kusema kweli kabisa hiyo ndiyo sehemu ninayoiheshimu kuliko zote. Mkonge uparwe mpaka ute utoke zibaki nyuzi, uoshwe, ukaushwe, kisha nyuzi zichaguliwe moja moja. Unasokota nyuzi pande mbili kwa pamoja pajani, kila upande ukielekea kulia, halafu unaziacha zijizungushe zenyewe kuelekea kushoto, na hapo zinashikana zisiachane. Paka nta. Upote wake ulikuwa mwembamba kama ule wa kufumia nyavu na ungeweza kuburuta pikipiki yangu. Upote uwe mfupi kuliko uta, na ukiuvika, kati yake na mahali pa kushika paingie ngumi yako na kidole gumba kimesimama. Isipoingia, kaza. Na upote mpya hulegea, kwa hiyo uvutwe na uvutwe kabla ya kuuamini. Kazi hiyo Bi Mbeyu aliifanyia nyuma ya jiko, na mimi sikuwahi kwenda kumtazama, kwa adabu.

Uta wangu ulimalizika. Nikauvuta uani, mbele ya majirani waliokuja kuona seremala wa Ukunda akiaibika. Tulikuwa tumeweka gunia lililojaa makumbi ya nazi. Nikavuta mpaka sikioni, nikaachia. Mshale ulipita juu ya gunia ukachoma papai la jirani.

"Alikuwa analenga papai!" mmoja akapaza sauti.

"Ndiyo," nikasema. "Gunia ni rahisi mno."

Mzee Tsuma aliuchukua uta, akaupitisha vidole tumboni kutoka ncha mpaka ncha, akaupindua mgongo. "Huu ni uta," akasema. Nimepokea cheti mkononi mwa wakubwa wenye majoho. Hakikunifanya nikose usingizi kwa furaha kama maneno hayo matatu.

Furaha haikukaa. Mutuku alikuja Kikoneni na pikapu ya hoteli, kwa sababu meneja alikuwa amekwisha kuwatangazia wageni mchezo wa mata siku ya Jumamosi, naye alitaka kuona tumefika wapi. Akamsalimia mzee, wakaanza utani wao wa Mkamba na mtu wa pwani.

"Mzee, sisi ndio wenye mata. Nyinyi mnajua nazi tu."

"Ndiyo maana umekuja kununua kwa watu wa nazi?"

"Nimekuja kukagua." Akauchukua uta wangu ukutani, akasimama kama askari, akauvuta mtupu mpaka sikioni.

"Usiachie!" mzee akapiga kelele.

Akaachia.

Sikilizeni, na hili mliandike ukutani: usiachie upote bila mshale. Nguvu ambayo ingekwenda na mshale hurudi kwenye mti, na mti hauna pa kuipeleka. Uta wangu ulitoa mlio mdogo, kama mtu anayevunja ukucha, na ufa ukatokea tumboni. Mutuku alibaki ameushika, filimbi inaning'inia.

"Pole, fundi. Babu hakuniambia."

"Babu yako alikuambia," mzee akasema. "Ulikuwa unacheza mpira."

Hatukuwa na mti mwingine mkavu. Fimbo za nta zilikuwa bado mbichi. Mutuku akakuna kichwa, akasema Jumamosi wasipokuwa na mata meneja ataagiza yale ya plastiki na habari yetu itaisha hapo. Sote tukajikuta tunatazama mlango wa jikoni.

Mzee Tsuma akasimama. "Niteremshie ule wa mwisho," akaniambia. "Ule mrefu."

Niliuteremsha, nikaupangusa masizi. Akauvika upote wa uta wangu uliokufa, kwa goti na mkono wa kushoto, kazi ambayo vijana wenye mabega mazima huishindwa. Akaweka mshale. Majirani walikuwa wameanza kukusanyika penye ua. Akavuta. Uta ukaanza kupinda, mikono ya uta yote miwili sawa sawa, mzuri ajabu, upote ukafika kifuani pa mzee na hapo mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Akaung'ang'ania. Mishipa ya shingo ikamtoka. Nikataka kumsogelea, Bi Mbeyu akanizuia kwa kiganja. Kisha mzee akaurudisha pole pole, hakuachia, akautoa mshale.

"Basi," akasema. "Mutuku, nenda kaagize plastiki. Mbeyu, mata haya uyapikie."

"Sipikii," Bi Mbeyu akasema.

"Mbeyu."

"Nimesema sipikii. Lete hapa."

"Nikuletee nini?"

"Uta. Lete."

Mtu mmoja penye ua akacheka. Bi Mbeyu akamgeukia. "Wewe cheka, ukimaliza uje ushike gunia." Akamrudia mumewe. "Uta bila upote ni nini?"

"Ni mti," mzee akajibu. Hakuwa na jibu jingine, maana hayo alikuwa akinifundisha kila siku.

"Na upote ni nani aliyeufanya? Wa mata yako yote, tangu ulipoanza kuyaunda?"

"Wewe. Lakini mkono uliochonga ndio..."

"Upote mpya hulegea. Ulidhani nilikuwa naunyoosha kwa kuubembeleza? Kila uta ulionipa niuvike, niliuvuta nyuma ya jiko mpaka ukaacha kulegea, ndipo nikakurudishia. Kisha wewe ukatoka hapa mbele ya watu ukapiga mshale wako wa kwanza, ukajipiga kifua."

Mzee Tsuma alimtazama. "Uliuvuta mpaka wapi?"

"Mpaka sikioni. Upote haunyooki kwa kuvutwa nusu."

"Mata yote?"

"Yote. Na kama mmoja ungevunjika, ungenivunjikia mimi usoni."

Nilimwangalia mzee nikajua kwamba yaliyokuwa uchagani yote yanategemea neno litakalomtoka. Angeweza kukasirika. Wanaume wengi ninaowajua, na wenye vyeti vizuri, wangekasirika. Yeye alifikiri kifundi. Niliona midomo yake inahesabu hatua za kazi: mti, kisu, chupa, upote, mvuto. Akaurefusha mkono wa kushoto, akampa mkewe uta.

Bi Mbeyu alijifunga leso kiunoni, akavua kandambili. Alisimama ubavu, magoti yamelegea kidogo, na nilipomwona alivyoweka vidole nikajua kwamba huyu hakuanza leo. Akavuta. Hakutetemeka. Uta ukaja, ukaja, ukapinda kama mwezi mchanga, na kidole gumba kikagusa tundu la sikio lake. Akaachia. Mshale ukazama kwenye gunia la makumbi mpaka manyoya.

Hakuna aliyecheka. Mutuku alishika filimbi yake kama anataka kuipuliza, akaiacha.

Mzee Tsuma akauchukua uta, akaupeleka kwenye mwanga, akaupitisha vidole tumboni, ncha mpaka ncha, mara moja na mara ya pili. Hakuna ufa. Hakuna mkunjo.

"Kwa hiyo miaka yote hii," akasema bila kugeuka, "mimi nilikuwa wa pili."

"Wa pili," Bi Mbeyu akakubali. "Lakini ulikuwa unapiga kelele nyingi zaidi."

Mzee akacheka mpaka akalishika bega lake bovu. Kisha akaniuliza kama nyuzi za mkonge zilizobaki zinatosha kusokota kamba nyingine kabla ya Jumamosi, na kabla sijajibu, Bi Mbeyu aliingia jikoni akatoka na kikapu. Ndani yake kulikuwa na kamba za uta zilizopakwa nta, zimekunjwa vizuri, moja kwa kila uta uliokuwa umelala juu ya moto ule. Alikuwa amezisokota zamani. Mzee alikitazama kikapu, akazigusa kwa kidole.

"Diploma," akasema baadaye, na sauti ilikuwa imepungua. "Panda."

Nikapanda uchagani. Moshi uliniingia machoni, masizi yakaniangukia shingoni, nikayateremsha mata moja moja, na kila nilipoushusha mmoja niliukuta mkono wa Bi Mbeyu umekwisha kunyooshwa kuupokea.